Gesi Huuzwa kwa Joto Lake

Mita ya gesi katika nyumba ya London huhesabu mita za ujazo, lakini bili huja kwa kilowati-saa. Kinachounganisha vipimo hivyo viwili ni kiasi cha joto linalotolewa na kila mita ya ujazo, ambacho kwa muda mrefu kilipimwa kwa kalorimita, chombo cha kupimia joto linalotolewa na mmenyuko wa kikemia.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Halijoto ni kiwango, nacho husomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Ili kulipima, tunaliacha liingie kwenye kitu ambacho tabia yake tunaijua, na maji yanafaa sana: gramu moja huhitaji takribani juli 4.18 ili ipande digrii moja ya Selsiasi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanafizikia Charles Vernon Boys, mmoja wa waamuzi rasmi wa gesi ya London, aliunda kalorimita ya maji yanayotiririka. Gesi huungua taratibu ndani yake, na maji yanayopita mirijani hulichukua joto. Tuseme kwa dakika moja zimepita gramu 2,000 za maji, yakaingia yakiwa na digrii 15 na kutoka na 30. Zidisha 2,000 kwa 4.18, kisha kwa 15: juli 125,400. Ikiwa katika dakika hiyo zimeungua lita 6.6 za gesi, kila lita imetoa juli 19,000.

Ugumu uko kwenye hewa inayotoka baada ya kuungua. Ikitoka ingali moto, imeondoka na joto ambalo halikuhesabiwa. Tena, haidrojeni iliyomo katika gesi ikiungua huwa mvuke wa maji, na mvuke huo hutoa joto jingine unapogeuka matone. Ndiyo maana hewa hiyo hupozwa hadi ikaribie halijoto ya chumba kabla ya kuachiwa. Ujazo wa gesi nao hubadilika kufuata halijoto na kanieneo, hivyo husahihishwa.

Zamani gesi ya London ilipimwa kwa ukali wa mwanga wake, kwani ilinunuliwa kwa ajili ya taa. Majiko yalipoenea kipimo hicho kilikosa maana, na sheria ya mwaka 1920 ikaelekeza malipo kwenye joto. Naona sheria hiyo ilikuwa ya haki. Leo, mita za ujazo 100 zenye megajuli 39.5 kila moja huandikwa kilowati-saa 1,122 hivi, baada ya ujazo kusahihishwa. Zikiwa na 38.5, ni 1,094. Mita imesoma vilevile, lakini mwenye gesi hii ya pili amepata joto pungufu, na bili yake imepungua pia.