Uskauti na Amana ya Watu Wazima

Mwezi wa Agosti mwaka 1907, Robert Baden-Powell, jemadari mashuhuri wa jeshi la Uingereza, aliwachukua wavulana wapatao 20, wengine watoto wa matajiri na wengine watoto wa vibarua, akawapeleka kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza; akawagawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliye mtoto kama wenziwe, na mengi akawaachia waamue wenyewe. Kitabu chake, Scouting for Boys, kilipotoka mwaka uliofuata, wavulana wengi walijiundia vikosi hata kabla ya kupata mtu mzima wa kuwaongoza. Kenya ilipata maskauti wake wa kwanza mnamo mwaka 1910, na huko huko, mjini Nyeri, ndiko mwasisi mwenyewe alikohamia uzeeni mwaka 1938 na kufariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake huzuriwa na maskauti kila mwezi wa Februari, wakati wa kuadhimisha siku aliyozaliwa.

Nimetangulia kuyataja hayo kwa sababu maneno yasemwayo siku hizi juu ya kufifia kwa uskauti aghalabu huwalaumu vijana: kwamba wamezama katika simu, kwamba hawastahimili jua wala vumbi, kwamba nidhamu imewatoka. Mimi sikubaliani na shutuma hizo. Huko Uingereza, kwenye chimbuko la uskauti, makumi ya maelfu ya watoto wameandikishwa majina wakingojea nafasi. Hamu wanayo na mahema yapo, ila hayupo mtu mzima aliye radhi kujitolea jioni moja ya kila juma. Taksiri, kwa rai yangu, iko upande wetu sisi wakubwa, nayo ina sura nyingi.

Sura iliyo mbaya kupita zote ilidhihirika Marekani. Chama cha huko, Boy Scouts of America, kilichoundwa mwaka 1910, kwa miongo mingi kiliweka mafaili ya siri yenye majina ya viongozi waliotuhumiwa kuwanajisi watoto. Makusudi yake, kama yalivyoelezwa, yalikuwa kuwazuia watu hao wasirejee kazini. Lakini mara nyingi polisi hawakuarifiwa, wazazi hawakuambiwa kitu, na baadhi ya watuhumiwa walipata njia ya kurudi kwa watoto. Mwaka 2012, kwa amri ya Mahakama ya Juu ya jimbo la Oregon, mafaili zaidi ya 1,200 yalifunuliwa hadharani. Mashtaka yakafuatana hata, ilipofika Februari 2020, chama kikaomba himaya ya mahakama kwa kufilisika, na waliojitokeza kudai kwamba walidhulumiwa utotoni walizidi 82,000. Mfuko wa kuwafidia, wa kiasi cha dola bilioni 2.4, ulianza kazi mwaka 2023. Idadi ya wanachama, iliyokuwa imepita milioni mbili kabla ya misukosuko hiyo, imeshuka ikawa kama nusu yake, ingawa katika hilo ugonjwa wa korona ulichangia, na kadhalika kujitoa kwa kanisa la Mormoni mwishoni mwa mwaka 2019. Wasichana wamekwisha kukubaliwa, na tangu mwaka 2025 chama kinaitwa Scouting America. Jina huweza kubadilishwa kwa siku moja, bali imani ya mzazi anayemkabidhi mtu mwanawe kwa safari ya usiku haipatikani kwa njia hiyo.

Wala si jambo geni kwa wakubwa kuivunja ahadi waliyowafundisha wadogo. Sheria ya nne katika zile za mwanzo ilisema skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, ilhali katika makoloni ya Afrika watoto wa Kizungu na wa Kiafrika walitengwa, na huko Afrika Kusini Waafrika walipewa chama cha mbali kabisa kwa jina jingine.

Sura nyingine ni uzembe. Agosti 2023 maskauti wapatao 43,000 kutoka pande zote za ulimwengu walikusanyika Saemangeum, Korea Kusini, kwa kambi kuu ya dunia. Mahali palipochaguliwa palikuwa ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini, tambarare, isiyo na miti ya kivuli. Joto likawaangusha mamia, vyoo na maji ya kuogea vikalalamikiwa, Waingereza na Wamarekani wakaondoka mapema, na hatimaye tufani ikawalazimisha wote waliosalia kuhamishwa. Waandalizi walikuwa na miaka kadhaa ya kujiandaa. Watoto waliofundishwa kusema "Uwe tayari" walikuja tayari.

Kwetu Afrika Mashariki uskauti umefungamana na shule, na hapo ndipo ulipo udhaifu wake. Mlezi wa kikosi ni mwalimu, mwenye darasa lililojaa, madaftari ya kusahihisha na mitihani inayomkabili. Akipata uhamisho, kikosi aghalabu hufa, kwa kuwa wazazi hawakuhusishwa tangu awali. Sare nayo, yaani shati, skafu, mkanda na kofia, ni gharama ambayo mzazi wa kipato kidogo huiweka nyuma ya karo na chakula, na mtoto asiye na sare huona haya kujitokeza. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba wengi wetu huwaona maskauti siku za sherehe tu, wakisimama juani kuwapanga wageni na kupita kwa gwaride, tukadhani huo ndio uskauti wenyewe. Kufunga mafundo, kusoma ramani, kuwasha moto penye unyevu, kumhudumia aliyeumia kabla daktari hajafika, na hasa kuongoza wenzako saba mkiwa njiani na mvua imeanza: hayo ndiyo masomo, na hayafundishwi uwanjani mbele ya waheshimiwa.

Dawa zinajulikana. Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba mtu mzima asikae peke yake na mtoto faraghani, wakati wowote na kwa udhuru wowote, na kwamba tuhuma ipelekwe polisi badala ya kumalizwa ofisini. Mafunzo ya viongozi yapo tangu mwaka 1919, yalipoanzishwa Gilwell Park karibu na London, na wanaohitimu huvaa shanga mbili za mti shingoni hata hapa kwetu. Na watu wapo. Kenya imewapanga maskauti wake kwa umri katika madaraja manne, Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri, na hao Jasiri ni vijana wa vyuoni na makazini, hadi miaka 26. Wengi wao daraja hilo likiisha huaga wakaenda zao, kwa kuwa hakuna aliyewaomba wabaki. Waombwe, kwa majina yao, kabla hawajavua skafu. Wachunguzwe mwenendo kama mwingine yeyote, wafundishwe, walipiwe nauli, na kila mmoja akabidhiwe pamoja na mwenzake kikosi cha Chipukizi katika shule ambayo mwalimu wake amehamishwa.