Samaki wa mapambo: Usinunue samaki kabla tangi halijaiva

KATIKA ukurasa huu tumezoea kuzungumzia bei za mazao, hisa na hati fungani. Wiki hii tunaingia katika bidhaa ambayo msomaji huiona kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye kliniki na kwenye sebule za nyumba za kawaida: tangi la kioo lenye samaki wa mapambo.

Wapo wanaotaka tangi moja tu la nyumbani. Wapo pia wanaopiga hesabu ya kuuza samaki hao, au ya kuwafungia wateja matangi maofisini. Wote huanzia mahali pamoja, yaani tangi la kwanza, na wengi hupoteza fedha zao mahali pamoja.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Alinunua tangi siku ya Jumamosi, akalijaza maji ya bomba asubuhi, na jioni yake akatia samaki 12. Maelekezo ya muuzaji yalikuwa mafupi: weka maji, washa pampu, tia samaki. Hadi Jumamosi iliyofuata samaki tisa walikuwa wamekufa. Akanunua wengine wanane, nao wakafuata njia hiyo hiyo. Maji muda wote yalikuwa meupe kama ya chupa, na chakula hakikukosekana. Kosa halikuwa kwenye samaki wala kwenye kioo. Mtaji ulitiwa kwenye mradi ambao haukuwa tayari kuupokea.

Hasara inakotoka

Samaki huishi ndani ya maji yale yale anayoyachafua. Taka yake kubwa ni amonia, ambayo hutoka mwilini mwake mchana na usiku. Chakula kilichobaki nacho kikioza huongeza amonia. Ziwani au mtoni maji ni mengi, hivyo amonia hutawanyika. Ndani ya tangi la lita 100 haina pa kwenda. Huunguza matamvua ya samaki, naye huanza kupanda juu na kuhemea usoni mwa maji.

Kinachoiondoa amonia ni bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa, na ambayo huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Bakteria hawa hukaa kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Tangi jipya halina wa kutosha. Huwachukua wiki nne hadi sita kuongezeka hadi kufikia idadi inayoweza kumaliza taka za kila siku. Hapo ndipo tunasema tangi limeiva. Samaki wanaotiwa kabla ya hapo huogelea katika sumu yao wenyewe.

Kwa lugha ya uhasibu, bakteria ndio mtaji wa kudumu wa tangi. Kioo ni jengo tu, na samaki ni bidhaa ya kwenye rafu. Mwenye duka hajazi rafu kabla ya kupaua.

Ukubwa na gharama

Kosa jingine la anayeanza ni kununua tangi dogo kwa kudhani kuwa ni rahisi kulitunza. Ukweli ni kinyume chake. Maji yakiwa machache, sumu hupanda haraka na joto hubadilika haraka. Bakuli la duara lenye samaki mmoja wa dhahabu, ambalo wengi hulipenda, ndilo gumu kuliko yote. Samaki huyo hukua na kutoa taka nyingi, na bakuli halina chujio.

Kipimo kizuri cha kuanzia ni tangi la urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40. Ukilijaza hadi sentimita 36 unapata takriban lita 100. Ukijumlisha maji, kioo na mchanga, uzito wake hufika kama kilo 130. Meza ya kawaida ya televisheni haifai. Tengenezesha kiti chake maalumu, na ukiweke mbali na dirisha lenye jua kali, maana jua huleta ukungu wa kijani.

Fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani anaweza kulitengeneza. Mwambie atumie kioo kisichopungua milimita 6, na silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Liache wiki nzima likauke, kisha ulijaze na kulikagua kwa siku mbili kabla ya kuliingiza sebuleni.

Kuhusu mgawanyo wa fedha, gawa bajeti yako katika mafungu kumi. Mafungu manne ni ya tangi na kiti chake. Matatu ni ya chujio, pampu ya hewa na taa. Moja ni la mchanga na mawe. Moja ni la dawa ya kupimia maji na dawa ya kuondoa klorini. Lililobaki ndilo la samaki na chakula. Anayeanza kwa kawaida hugeuza hesabu hii: hutumia nusu ya fedha kwa samaki, asinunue kabisa dawa ya kupimia. Hapo anakuwa kama mfanyabiashara asiyeandika mauzo yake, atagundua hasara siku rafu ikiwa tupu.

Umeme si mzigo mkubwa kama inavyodhaniwa. Chukulia chujio cha wati 10 na pampu ya hewa ya wati 5, vyote vikiwaka saa 24, pamoja na taa ya wati 15 inayowaka saa 8. Jumla ni wati-saa 480 kwa siku, yaani yuniti 14 na nusu hivi kwa mwezi. Zidisha na bei unayonunulia yuniti na utapata gharama yako. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, hita haihitajiki kwa samaki wengi wa kuanzia. Kwa aliyeko Arusha, Iringa au Mbeya ni lazima iingizwe kwenye bajeti.

Wiki sita za kusubiri

Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, nayo haichagui kati ya bakteria wabaya na hawa tunaowataka. Yaache maji kwenye ndoo zilizo wazi kwa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana tatizo hilo, lakini visima vingi vya pwani vina chumvi. Yaonje na kuyapima kwanza.

Tangi likijaa, washa chujio na usilizime tena. Kila siku tia chakula cha samaki kidogo sana, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, ingawa hakuna samaki. Chakula kitaoza na kutoa amonia, ambayo ndiyo chakula cha bakteria. Pima maji kila baada ya siku tatu na uandike matokeo kwenye daftari.

Mwenendo utakuwa hivi. Kwanza amonia itapanda. Baada ya wiki moja au mbili itaanza kushuka, na naitraiti itapanda. Mwishowe zote mbili zitafika sifuri, huku naitreti ikionekana. Zikibaki sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, ilhali bado unatia chakula, tangi limeiva.

Ipo njia ya mkato iliyo halali. Kama una rafiki mwenye tangi la muda mrefu lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji ya chujio lake, ukipeleke kikiwa na unyevu na kukitia kwenye chujio lako siku hiyo hiyo. Huo ni mtaji wa kuazima usio na riba, na unaweza kupunguza muda wa kusubiri kwa kiasi kikubwa. Madukani pia huuzwa chupa za bakteria. Nyingine husaidia, nyingine hazisaidii, hivyo kipimo cha maji ndicho kiwe hakimu.

Samaki gani

Fuata maji uliyonayo, usifuate rangi. Kwa maji magumu yenye madini, guppy, platy na molly ni samaki wavumilivu na huzaa bila kubembelezwa.

Hata hivyo, mnunuzi wa Afrika Mashariki asisahau kuwa baadhi ya samaki wa mapambo wanaotafutwa Ulaya na Marekani asili yao ni hapa kwetu. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za sikilidi, yaani jamaa ya sato na perege, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mmojawapo ni Neolamprologus multifasciatus, samaki wa mistari ambaye hata akikomaa hazidi sana sentimita 4. Huishi na kuzalia ndani ya makombe matupu ya konokono. Kundi la sita, mchanga laini na makombe kumi na mawili yaliyochemshwa vinatosha kwa tangi letu la lita 100.

Tahadhari moja. Maji ya Tanganyika yana pH ya kati ya 8.5 na 9, na hapo amonia huwa kali zaidi. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali yenye sumu kali. Kwenye pH 9 sehemu hiyo huzidi asilimia 30. Kwa samaki hawa, kusubiri tangi liive si ushauri tu, ni sharti.

Anza na samaki wanne hadi sita. Subiri wiki mbili, pima, ndipo uongeze. Bakteria huongezeka kwa kufuata taka zilizopo, na ukileta samaki ishirini kwa mkupuo unarudi mwanzo.

Uendeshaji

Kazi ya kila wiki haizidi saa moja. Badilisha robo ya maji kwa maji yasiyo na klorini. Lisha mara moja au mbili kwa siku, chakula kinachoisha ndani ya dakika mbili. Sponji ya chujio ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Anayeiosha bombani anaua bakteria aliowasubiri wiki sita, na atashangaa samaki wakifa siku chache baada ya usafi.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, samaki na bakteria hukosa hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bima ya bei nafuu. Katika saa hizo usilishe.

Kwa anayefikiria biashara

Somo la tangi la nyumbani ndilo somo la duka. Chukulia umenunua samaki 20 kwa Sh 3,000 kila mmoja, jumla Sh 60,000. Wakifa sita kabla ya kuuzwa, waliobaki 14 wamekugharimu karibu Sh 4,290 kila mmoja. Ukiwauza kwa Sh 4,000 ukidhani unapata faida ya Sh 1,000, kumbe unapoteza takriban Sh 290 kwa kila samaki, kabla ya kuhesabu umeme na chakula. Katika biashara hii, vifo ndivyo vinavyoamua faida.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo aanze na tangi moja kwa miezi mitatu. Akiona vifo vimekoma, aongeze la pili, ambalo liwe la kuwatenga samaki wapya kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuwachanganya na wengine. Anayefunga matangi kwenye ofisi za watu auze tangi lililoiva, pamoja na mkataba wa matunzo ya kila wiki. Mteja aliyefiwa na samaki wote ndani ya siku kumi harudi kununua wengine, na huwaambia majirani.

Anayetaka kuvua samaki hawa ziwani au kuwasafirisha nje aanzie ofisi ya uvuvi kwa ajili ya leseni. Kwa Tanzania Bara shughuli hizo zinaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003. Na anayechoka na samaki wake awauze au awagawe, asiwamwage mtoni. Sangara waliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu zilitoweka baadaye.

Mwandishi wa makala haya alianza upya kwa daftari, dawa ya kupimia na sponji ya kuazima. Safari hii tangi lilikaa wiki tano bila samaki hata mmoja, na wageni wakawa wanamuuliza anafuga nini humo ndani. Aliwajibu kuwa anafuga maji. Samaki sita walioingia wiki ya sita walipita Jumamosi ya pili wote wakiwa hai.