Samaki wa Tangi Anapougua: Tiba Huanzia Majini

Katika miamba iliyo chini ya maji karibu na Kigoma huishi samaki mdogo mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima. Akikua madoa humtoka, kichwa hugeuka rangi ya samawati, na mkanda mweupe au wa manjano humzunguka kiwiliwili. Jina lake la kisayansi ni Tropheus duboisi, alilopewa na Marlier mwaka 1959. Uzuri huo umemfikisha katika matangi ya vioo ya Ulaya, Marekani na Japani. Wafugaji wa huko wanamfahamu pia kwa ugonjwa mmoja unaomwandama yeye na jamaa zake, yaani kuvimba tumbo. Ugonjwa huo waweza kumpata hata akifugwa Ujiji, hatua chache kutoka ziwani, na mwenye tangi hulazimika kuamua upesi la kufanya.

Kwanza yafaa kuhakikisha kwamba kweli anaumwa. Jike wa aina hii huatamia mayai yake kinywani kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na wakati huo koo lake hutuna chini ya kidevu. Jike wa namna hiyo hahitaji dawa, bali utulivu. Mgonjwa huvimba tumboni. Kabla ya hapo hujitenga pembeni, huingiza chakula kinywani na kukitema, hupumua haraka, na kinyesi chake huwa cheupe, kirefu kama uzi. Anayemtambua katika hatua hii bado ana nafasi ya kumwokoa. Tumbo likisha kuvimba, ni wachache wanaopona.

Chanzo aghalabu si kimoja. Samaki huyu hula mwani unaoota juu ya mawe, na utumbo wake ni mrefu, wenye mikunjo mingi, kama ilivyo kwa wanyama wengi walao majani. Akilishwa unga wa dagaa kila siku, kosa lililo rahisi kutendeka Kigoma kuliko mahali pengine, utumbo huo huelemewa. Akiwa pia anafukuzwa na wenzake, au maji yakiwa machafu, vijidudu vya chembe moja vilivyomo utumboni huongezeka kupita kiasi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuyapima maji, wala si kukimbilia dawa. Hapa somo la kemia lina kazi. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na ndani ya maji amonia hiyo huwa katika sura mbili: ioni ya amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo, na amonia halisi (NH3), ambayo ni sumu. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25 za Selsiasi, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya jumla. Katika pH 9 hufikia asilimia 36 hivi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH ya kati ya 8.6 na 9.2. Maana yake ni kwamba uchafu ambao samaki wa maji yasiyo na alikali angeuvumilia, huyu waweza kumuua. (Mwanafunzi anayejua kwamba pKa ya amoniamu ni 9.25 aweza kuzihakiki hesabu hizo mwenyewe.) Basi theluthi ya maji ibadilishwe kwa maji safi yenye joto lile lile, kila siku kwa siku kadhaa. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi siku nzima kwanza. Chakula kisimamishwe siku mbili au tatu, kisha kirudishwe kidogo kidogo, kikiwa cha majani, kama mchicha uliochemshwa kidogo.

Swali gumu zaidi ni kama mgonjwa atengwe. Samaki hawa huishi kundini kwa ngazi za ukubwa. Anayeondolewa hupoteza nafasi yake, na akirudishwa huweza kushambuliwa kama mgeni. Hata hivyo, ikiwa wenzake wameanza kumng'ata, au imeamuliwa apewe dawa, kutengwa hakuepukiki. Dawa itumiwayo zaidi ni metronidazoli. Hiyo ni dawa ya binadamu pia, na kuitumia ovyo huzoeza vijidudu kuistahimili. Kipimo chake kiulizwe kwa daktari wa mifugo.

Jambo moja halifai kabisa, nalo ni kumrudisha ziwani kwa huruma. Takriban samaki wote wa familia ya Cichlidae wa ziwa hili hawapatikani mahali pengine popote duniani, na samaki wa jenasi Tropheus hutofautiana rangi kutoka ufuko wa mawe mmoja hadi mwingine, kwa kuwa hawapendi kuvuka mchanga. Mgonjwa aliyevuliwa kwingine na kuachiwa Kigoma huweza kupeleka maradhi, na akipona huweza kuzaana na wasio wa kundi lake.

Ikiwa amelala ubavu, hali, na uvimbe hauteremki, ni halali kuyakomesha mateso yake. Mafuta ya karafuu, zao la Pemba na Unguja, yana eujenoli, ambayo huwalaza samaki usingizi na, kikizidishwa kiasi chake, huwaua bila kupapatika. Mafuta hutikiswa kwanza katika chupa yenye maji kidogo mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha humiminwa taratibu katika ndoo yenye maji ya tangi alimo mgonjwa peke yake. Mashavu yakiacha kucheza, aachwe humo kwa muda usiopungua nusu saa, kwa sababu usingizi mzito hufanana sana na kifo. Baada ya hapo azikwe. Maji ya ndoo yamwagwe ardhini, mbali na kisima na ufuko, na wavu uliomgusa uanikwe juani hadi ukauke kabisa kabla haujaingizwa tena tangini.