Albamu ya wawili wa Lilongwe: jinsi muziki wa Malawi unavyovuka mipaka na nani analipwa

Aprili 2025 Tanzania ilizuia kwa siku chache mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Ilikuwa ikijibu hatua ya Malawi ya kufunga mlango kwa baadhi ya bidhaa za jirani zake, zikiwamo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa, lakini wanaopitisha mizigo Kasumulu hawajasahau hasara ya siku zile.

Mwaka huohuo bidhaa nyingine ya Malawi iliingia sokoni bila kuguswa na zuio hilo. Ni albamu iitwayo Ma Gitala, yaani magitaa, ya kundi la watu wawili liitwalo Madalitso Band. Madalitso kwa Kichewa ni baraka. Haikuhitaji lori wala stakabadhi ya kupita, na msikilizaji wa Mbeya aliweza kuipata saa ileile na msikilizaji wa Geneva. Hata hivyo ukiifuatilia hesabu yake utakuta maswali yaleyale anayojiuliza kila mwenye mzigo: gharama ni kiasi gani, dalali anachukua ngapi, kodi inakatwa wapi, na fedha zinarudi nyumbani kwa kiwango gani cha kubadilishia.

Kutoka mbele ya maduka hadi Ngome Kongwe

Wanamuziki wenyewe ni Yosefe Kalekeni na Yobu Maligwa. Kalekeni hupiga gitaa la nyuzi nne huku kisigino chake kikigonga ngoma ya ngozi ya ng'ombe. Maligwa hupiga babatoni, chombo kirefu chenye waya mmoja kinachotengenezwa kwa mikono, na huteleza chupa juu ya waya ili kubadili sauti. Wote wawili huimba. Kwa miaka mingi walipiga muziki mitaani Lilongwe, na mwaka 2009 walisikika na Neil Nayar walipokuwa wakipiga mbele ya maduka ya mji huo. Yeye ndiye aliyekuja kuwa meneja wao.

Tangu hapo ilipita miaka minane kabla ya mlango wa nje kufunguka vizuri. Mlango huo ulikuwa Zanzibar. Februari 2017 walipanda jukwaa la Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na ambalo mwaka huo lilifanyika Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe. Wengi hulijua kwa burudani na kwa hoteli kujaa, ila kwa upande wa biashara tamasha hilo hufanya kazi ya Sabasaba: waandaaji wa matamasha ya Ulaya huja kuangalia mali, kuuliza bei na kuweka oda. Baada ya Zanzibar, Madalitso wakaanza kuitwa Ulaya, na mwaka 2019 albamu yao Wasalala ikatolewa na Bongo Joe, lebo ndogo ya kujitegemea yenye makao Geneva ambayo pia ina duka la santuri. Musakayike ikafuata 2022, neno lenye maana ya msitilie shaka. Kisha Ma Gitala.

Kwa hiyo soko la nje la muziki huu wa Lilongwe lilifunguliwa na jirani, umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara hadi Dar es Salaam na kisha boti. Hili halizungumzwi sana pale takwimu za biashara kati ya Tanzania na Malawi zinapotajwa, kwa sababu takwimu hizo huhesabu saruji, mafuta na mchele.

Kwa nini wawili

Mwenye gari ataelewa haraka. Bendi ya watu kumi ni tiketi kumi, vitanda kumi, sahani kumi za chakula na pasi kumi za kugongwa. Wawili ni wawili. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Kwa wawili hiyo ni euro 180 na kwa kumi ni euro 900, kabla hata ya kukata tiketi ya ndege. Mwandaaji wa tamasha dogo nchini Ufaransa au Uswisi akilinganisha hesabu hizo mbili, kundi dogo linaanza likiwa na nafuu.

Na mzigo wao ni mwepesi: gitaa moja, ngoma moja na babatoni. Ukipanga kurekodi, huhitaji chumba cha kuweka ngoma saba na vinanda, wala siku nyingi za studio. Wapo wanaosema udogo huu ni umaskini wa vyombo. Kiuchumi ni kinyume chake, kwani gharama ya kuzalisha sauti nzima ya bendi imebaki mikononi na miguuni mwa watu wawili, na hakuna wa tatu wa kugawana naye malipo ya usiku.

Mali ni ya nani

Hapa ndipo wasanii wengi wa ukanda huu wamepoteza. Albamu moja hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya wimbo wenyewe, yaani maneno na sauti zake, na mwenyewe ni mtunzi. Ya pili ni ya ile rekodi iliyofanyika siku fulani studio, na mwenyewe kwa kawaida ni aliyegharamia kurekodi, isipokuwa mkataba useme vingine. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza na asiwe na ya pili.

Lebo inapokuja na karatasi, kuna njia mbili kubwa. Moja ni kuuza rekodi moja kwa moja. Nyingine ni kuikodisha kwa miaka kadhaa, lebo ifanye kazi ya kuisambaza, kisha haki irudi kwa mwenyewe. Ni tofauti ileile ya kuuza lori na kulikodisha. Aliyeuza amemaliza, hata lori likija kuingiza mara kumi ya bei aliyopewa. Lebo nyingi ndogo za kujitegemea hugawana nusu kwa nusu na msanii faida inayobaki baada ya kurudisha gharama. Neno la kuangalia hapo ni "baada ya gharama". Anayesaini bila kuuliza gharama gani zinahesabiwa, na nani anazithibitisha, ni kama mwenye mzigo aliyekubali kulipa "gharama nyinginezo" za bandarini bila orodha.

Fedha inatoka wapi

Kusikiliza kwa intaneti kunalipa kidogo sana. Malipo hutofautiana kwa nchi na kwa aina ya msikilizaji, ila makadirio ya kawaida kwa Spotify ni kati ya dola 0.003 na 0.004 kwa kila usikilizaji mmoja. Wimbo uliosikilizwa mara 100,000 huleta kama dola 300 hadi 400. Lebo ikichukua nusu, zinabaki dola 150 hadi 200, na zikigawanywa kwa wawili kila mmoja anapata 75 hadi 100, meneja hajatajwa. Zaidi ya hayo, tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12.

Bandcamp, ambako msikilizaji hununua albamu yenyewe, ina hesabu nyingine: hukata asilimia 15 kwa faili za muziki na asilimia 10 kwa vitu vya kushikika, ukiondoa gharama za malipo. Kwa msanii mdogo mnunuzi mmoja wa huko ni sawa na maelfu ya wasikilizaji wa bure.

Halafu kuna santuri, ambayo imerudi Ulaya kwa nguvu. Chukua mfano wa hesabu tu: santuri inauzwa euro 25 mezani baada ya onyesho na kuitengeneza pamoja na jalada kumegharimu euro 10. Zikiuzwa 30 usiku mmoja, zinabaki euro 450. Kwa dola zilezile za intaneti hapo juu, kabla ya mgao wowote, wimbo ungehitaji kusikilizwa zaidi ya mara 100,000. Ndiyo sababu santuri hutengenezwa Ulaya na kuuzwa Ulaya. Ni nzito (sahani peke yake ni gramu 140 hadi 180, bila jalada), na ikiachwa kwenye jua ndani ya gari hupinda na haifai tena. Kuileta Lilongwe ili irudishwe kuuzwa Lyon ni kusafirisha hewa.

Yote haya yakijumlishwa, albamu inafanana zaidi na sampuli. Mali inayouzwa hasa ni onyesho, na albamu mpya inatolewa ili mwandaaji awe na sababu ya kupiga simu tena na magazeti yawe na cha kuandika.

Forodha haijali kama ni sanaa

Anayebeba vyombo vya muziki kwenye basi au kwenye kontena la mizigo mchanganyiko ajue mambo machache. Gitaa na vyombo vingine vya nyuzi viko kwenye namba ya ushuru 9202, ngoma 9206, na santuri au CD zilizorekodiwa 8523. Chombo cha kupigia kinachoingia na kutoka si bidhaa ya kuuza. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu kuingiza kwa muda usiozidi miezi 12, kwa dhamana, mradi kitu kirudi kilekile. Orodha yenye maelezo, picha na thamani ya kila chombo huokoa saa nyingi, hasa kwa babatoni, ambayo ofisa asiyeijua anaweza kuiona kama ubao tu wenye waya.

Santuri na CD za kuuza mezani ni jambo tofauti. Hizo ni bidhaa, hata zikiwa ndani ya sanduku la nguo, na zitatangazwe hivyo. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, kwa hiyo nafuu ya ushuru kati ya nchi hizi mbili hutafutwa kupitia SADC na cheti chake cha uasili. Santuri iliyotengenezwa Ulaya haitapata cheti hicho, hata kama sauti yote ni ya Lilongwe.

Ngoma ya ngozi nayo ina lake. Ngozi ni zao la mnyama, na nchi nyingi za Ulaya huuliza maswali ya afya ya mifugo. Kwa Ulaya kuna pia hati ya ATA ya kupitisha vifaa bila ushuru, lakini nchi za Afrika zinazoitumia ni chache, Afrika Kusini, Mauritius na Senegal zikiwa miongoni mwake.

Malipo ya onyesho nayo hukatwa kodi kabla hayajafika mfukoni. Tanzania hukata asilimia 15 ya malipo ya huduma kwa asiye mkazi. Uingereza hukata asilimia 20 kwa wasanii wa nje pale malipo yanapopita kiwango kisichotozwa. Anayejadili bei aseme kama ni kabla au baada ya makato, kwa maandishi.

Kwacha

Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, dola ikafika kama kwacha 1,700. Mwaka 2025 kiwango rasmi kilikuwa bado karibu na hapo, wakati mtaani dola iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili. Mfanyabiashara wa Karonga aliyehangaika kutafuta dola za kununulia bidhaa Tunduma au Dar anajua maana yake. Msanii aliyelipwa euro kwa njia ya benki hupokea kwacha za kiwango rasmi, kisha anaingia sokoni kununua vitu ambavyo bei yake imepangwa kwa dola ya mtaani. Hivyo kipato kinachoonekana kizuri kwenye mkataba wa Geneva kinaweza kufika Lilongwe kikiwa kimepoteza nusu ya nguvu yake, bila dalali yeyote kuiba senti.

Flashi ya kwenye basi

Kuna upande mmoja unaowahusu moja kwa moja wenye mabasi na malori. Muziki mwingi wa jirani husafiri kwa flashi iliyojazwa nyimbo kwenye kibanda cha stendi, na aliyejaza hulipwa yeye tu. Basi la abiria linalopiga muziki linahesabiwa kuutumia hadharani na kibiashara, kwa hiyo linatakiwa liwe na leseni ya hakimiliki, kama hoteli au baa. Malawi ina COSOMA tangu 1992, na Tanzania ina COSOTA, iliyotokana na sheria ya 1999. Tanzania pia hutoza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kunakili kazi za sanaa, kwa hiyo mwagizaji wa vifaa hivyo tayari anachangia, apende asipende.

Tatizo ni kwamba fedha hizo hugawanywa kwa kufuata taarifa za nyimbo zilizopigwa, na basi la Kyela kwenda Dar halimwandikii mtu orodha. Redio huandika. Wimbo unaopigwa mara 40 kwa wiki barabarani usipigwe hata mara moja redioni, kwenye mgao huo ni kama haukupigwa.