Makerere: Kutoka mfuko wa nchi tatu hadi mfukoni mwa mzazi

Mfanyabiashara anayevusha mahindi Busia au vitenge Mutukula, huku akidunduliza ada ya mtoto aliyeko Makerere, huenda hajui kwamba chuo hicho cha Kampala kiliwahi kuchangiwa na serikali za Uganda, Kenya na Tanganyika kwa pamoja.

Kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Fedha zilitoka serikali ya kikoloni ya Uganda, ambayo hazina yake ilitegemea sana pamba. Kwa hiyo mfadhili wa kwanza, tukisema ukweli, ni mkulima wa pamba.

Mwaka 1937 Tume ya De La Warr ilipendekeza Makerere iwe chuo cha elimu ya juu cha eneo zima. Nchi jirani na Uingereza zikachangia mfuko wake. Ndiyo maana Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1943 hadi 1945, na Mwai Kibaki akafuata miaka ya 1950.

Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulisomwa Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Serikali zote tatu zilichangia, na taasisi za Marekani kama Rockefeller zikaongezea. Ilikuwa hesabu ya kibiashara kabisa: kwa nini ujenge ghala ambalo jirani yako tayari analo? Lakini mwaka 1970 muungano huo ulivunjika, kila nchi ikitaka chuo chake.

Makerere ikabaki mikononi mwa hazina ya Uganda peke yake. Miezi michache baadaye Idi Amin akatwaa madaraka. Wahadhiri wengi walikimbia, majengo yakachakaa.

Hata hivyo serikali iliendelea kulipia masomo, chakula, malazi na hata posho ya wanafunzi. Ilipoanza kupunguza posho, wanafunzi waligoma, na Desemba 1990 wawili wakauawa kwa risasi.

Mwaka 1992 mlango ukafunguliwa kwa wanaojilipia. Masomo ya jioni yakaanza, na kufikia mwisho wa muongo huo zaidi ya asilimia 70 ya wanafunzi walikuwa wakilipa ada. Benki ya Dunia ilisifu. Profesa Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007, alilalamika kwamba idara ziligeuka wachuuzi, zikigombania wateja kwa kubuni kozi zinazouzika. Wote wana hoja: bila ada hizo chuo kingekwama, lakini madarasa yalifurika.

Mzigo haujapungua. Mwaka 2019 wanafunzi waliandamana kupinga ada kupandishwa kwa asilimia 15 kila mwaka, na askari wakavamia mabweni.

Mei 2017 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili mwanafunzi avuke mpaka na vyeti vyake vitambulike. Tangazo hilo halikurudisha ule mfuko wa pamoja. Mzazi wa Bukoba au Kisumu bado anabadilisha shilingi zake kuwa za Uganda kila muhula, kwa bei ya siku hiyo.