Mtego wa Nyumbu, Kifo cha Fisi

Huku kwetu Mugumu fisi hana wa kumtetea. Akionekana amekufa kando ya njia, watoto humrushia mawe na wakubwa huulizana alikuwa wa mchawi gani. Mimi namtetea, kwa sababu fisi wengi wa Serengeti wanauawa na mtego ambao haukutegwa kwa ajili yao.

Mtegaji anamtaka nyumbu, apate kimoro, yaani nyama iliyokaushwa, cha kula na cha kuuza. Huchoma tairi kuukuu na kuchomoa nyaya zake, akazisokota kuwa kitanzi, akakifunga kwenye mti kando ya njia ya wanyama iendayo majini, kimo cha shingo ya nyumbu. Hutega vingi kwa mstari vichakani, kisha huondoka. Mzee wa Kiikoma aliyewinda kwa mshale alimwona kwanza mnyama anayempiga. Waya hauna macho. Twiga huingiza mguu, ndama wa tembo mkonga, simba shingo.

Fisi ana balaa lake la pekee. Watafiti Marion East na Heribert Hofer, walioanza kuwafuatilia fisi wa katikati ya hifadhi mwaka 1987, waligundua kwamba nyumbu wanapohama, fisi jike huwaacha watoto shimoni na kuwafuata nyumbu hao kilomita 40 na zaidi. Hula, hurudi kunyonyesha, huondoka tena. Watoto wake hutegemea maziwa kwa zaidi ya mwaka, na kwa kawaida hakuna jike mwingine atakayewanyonyesha. Kiangazi nyumbu wanaposogea kaskazini na magharibi, karibu na vijiji vya wilaya za Tarime na Serengeti, mama huyo hupita palepale penye vitanzi. Utafiti wao wa mwaka 1993 ulionyesha kuwa waya ulikuwa muuaji mkuu wa fisi wakubwa. Na kila mama anayenaswa akiwa ananyonyesha, watoto wake hufa njaa bila mtu kuwahesabu.

Msiba huu unao ndugu yake baharini. Ndege aitwaye albatrosi huruka maelfu ya kilomita kutafutia kinda chakula, akaiona meli ikimwaga kamba ndefu yenye maelfu ya ndoana za kuvulia samaki. Hurukia chambo kabla hakijazama, ndoana ikamkamata, kamba ikamvuta chini. Kinda hubaki kisiwani likingoja.

Lakini mabaharia wamepata dawa. Ndoana huongezewa uzito zizame upesi, kamba hushushwa usiku, na nyuma ya meli huburutwa kamba yenye riboni za rangi za kuwatisha ndege. Namibia ililazimisha hatua hizo kisheria mwaka 2015, akina mama wa Walvis Bay wakawa wanatengeneza kamba hizo za riboni, na vifo vya ndege katika uvuvi wa ndoana vikapungua kwa zaidi ya asilimia 98. Wavuvi bado wanavua.

Kwetu dawa haiwezi kuwa hiyo. Ndoana ya Namibia ni halali, inarekebishika. Hakuna namna ya kurekebisha waya ili umkamate nyumbu na kumpisha fisi. Ni kuuondoa tu. Tangu mwaka 2017, shirika la Frankfurt Zoological Society, likichangiwa na wenye hoteli na kampuni za utalii, limeweka vikosi vya kutegua nyaya vinavyotembea kwa miguu pamoja na askari wa TANAPA. Ni kazi ya jua na miiba, na naiheshimu sana. Hata hivyo, kitanzi kikiteguliwa leo, kingine kinaweza kutegwa kesho mahali hapohapo, maadamu tairi lipo na kitoweo hakipo.

Kwa hiyo mimi ningeanzia kwenye tairi. Gereji za Mugumu na Tarime hutupa matairi yaliyokwisha nyuma ya uzio, na anayeyataka hujiokotea. Halmashauri zetu mbili zingeweza kuyanunua kwa bei ndogo na kuyatia chini ya ulinzi, huku vijiji vinavyopakana na hifadhi vikisaidiwa kufuga kuku na mbuzi wa kutosha kwa mboga ya nyumbani. Wajumbe wa mabaraza ya madiwani wanaweza kulijadili hili kabla nyumbu hawajafika tena.