Mtoto Wako Afanya Nini Shuleni Kutwa?

Si mara moja wala mbili mzazi husikika akinung'unika: "Nimempeleka mtoto shule ya Kikatoliki apate elimu, naye kila jioni aja nyumbani akitaka vizibo vya soda, maboksi matupu na mbegu za maharagwe. Je, huko wasoma au wacheza?" Mzazi mwingine, asiye Mkatoliki, huuliza kwa wasiwasi kama mwanawe atageuzwa dini bila yeye kujua.

Maswali haya ni ya haki, na yafaa yajibiwe. Mzazi ajuaye mambo yafanyikayo darasani aweza kumsaidia mwanawe. Asiyejua aweza kumrudisha nyuma bila kukusudia. Basi katika makala hii tutaieleza siku moja ya kawaida katika shule ya msingi ya Kikatoliki nchini Kenya, na sababu za kazi zinazofanywa humo.

SHULE NI YA NANI?

Kwanza yapasa kufahamu ya kwamba shule hizi ni za aina mbili. Ziko za binafsi, zilizo mali ya jimbo, parokia au shirika la masista, nazo hutoza karo. Lakini nyingi ni shule za umma ambazo Kanisa ni mdhamini wake tu.

Mambo yalianza zamani. Mapadre wa Consolata walifika nchi ya Murang'a mwaka 1902, na mapadre wa Mill Hill wakaanza kazi yao karibu na Kisumu mwaka 1903. Popote walipojenga kanisa, aghalabu shule ilifuata. Watoto walikaa chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, wakajifunza kusoma, kuandika, kuhesabu na katekisimu, pamoja na ukulima na useremala. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, Serikali ilichukua usimamizi wa shule nyingi za misheni, nalo Kanisa likabaki kuwa mdhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yampa mdhamini nafasi katika halmashauri ya shule, na kazi ya kuangalia malezi ya kiroho. Walimu walioajiriwa na Serikali wako chini ya Tume ya Huduma za Walimu, na mtaala ni ule ule ufuatwao katika shule nyingine za umma. Kwa hiyo mtoto aliye katika shule ya Mtakatifu fulani ajifunza hesabu ile ile ajifunzayo mwenzake wa shule ya jirani.

KENGELE YA ASUBUHI

Watoto hufika asubuhi, wakafagia uwanja na kupanga madawati. Kisha hukusanyika mstarini. Hapo husaliwa sala, hutolewa matangazo, na siku ya kupandisha bendera wimbo wa taifa huimbwa. Jambo hili si la kupoteza wakati. Mtoto wa miaka sita hujifunza hapo kusimama kwa zamu, kunyamaza mwingine anenapo, na kuona ya kuwa yeye ni mmoja katika wengi.

Baada ya hapo vipindi huanza. Katika Gredi ya 1 hadi ya 3 kipindi kimoja huchukua dakika 30, na katika Gredi ya 4 hadi ya 6 huchukua dakika 35. Vipindi vimefanywa vifupi kwa sababu akili ya mtoto mdogo huchoka upesi.

KUKARIRI SI KUSOMA

Kazi kubwa kupita zote katika miaka mitatu ya kwanza ni kusoma. Katika madarasa hayo mafundisho hutakiwa kutolewa kwa lugha ya mahali pale shule ilipo, na Kiswahili na Kiingereza hufundishwa kuwa masomo. Mijini, ambako watu wametoka pande nyingi, lugha hiyo mara nyingi huwa Kiswahili.

Kiswahili chamfaa sana mwanafunzi mchanga, kwa kuwa irabu zake tano hazibadiliki sauti. Mwalimu huandika ubaoni "ma, me, mi, mo, mu", kisha "ka, ke, ki, ko, ku". Watoto hutamka, hupiga makofi kwa kila silabi, na huziunganisha: "mama", "kuku", "meko". Baadaye huja sauti zilizo ngumu zaidi, kama ile itenganishayo "ngoma" na "ng'ombe". Mtoto aliyeshika silabi aweza kusoma neno ambalo hajaliona maishani mwake.

Lakini hapa pana hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Watoto wana kumbukumbu kali. Mtoto akisikia ukurasa ukisomwa mara tano au sita, aweza kuutamka wote bila kosa, naye mzazi akafurahi akidhani mwanawe amejua kusoma. Kumbe ameimba tu. Akipewa kitabu kingine, hunyamaza. Jambo hili lisipoonekana mapema, mtoto hufika Gredi ya 4, ambako sayansi, kilimo na masomo ya jamii yote yatoka vitabuni, akawa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba. Haya, utoro na kuacha shule huweza kuanzia hapo.

Dawa yake ni rahisi. Jioni, funika picha ya ukurasa kwa mkono wako, kisha onyesha kwa kidole neno lililo katikati ya mstari, umwulize mtoto: "Hili ni neno gani?" Akilisoma, mshukuru Mungu na mwalimu. Asipoweza, usimpige wala usimcheke. Mwambie mwalimu siku ya pili. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kumwambia mtoto asome mstari wa mwisho kwanza, kisha wa juu, akatazama kama anasitasita.

VIZIBO VYA SODA VYA NINI?

Sasa twaja kwenye vile vizibo na vijiti. Tuchukue hesabu ya 27 kujumlisha 15. Mtoto aliyekariri tu huweza kusema, "Saba na tano ni kumi na mbili, mbili na moja ni tatu," akaandika 312. Wala haoni kosa, kwa sababu kwake tarakimu ni alama tu zisizokuwa na maana.

Mwalimu mwenye busara humpa vijiti. Ishirini na saba ni mafungu mawili ya kumi kumi, na vijiti saba peke yake. Kumi na tano ni fungu moja, na vijiti vitano. Vile saba na vile vitano vikichanganywa vyawa kumi na viwili. Basi mtoto hufunga kumi kwa uzi, hupata fungu jipya, na vijiti viwili hubaki. Mafungu sasa ni manne. Jibu ni 42, naye amelishika kwa mikono yake. Kesho ataandika hesabu hiyo daftarini bila vijiti, lakini atajua kwa nini moja "hupelekwa" upande wa makumi. Mtoto huyo hatapunjwa chenji dukani kwa urahisi.

Ni vivyo hivyo kwa mbegu za maharagwe. Watoto huziweka katika pamba yenye maji, nyingine huziacha pakavu, kisha hutazama siku kwa siku ni zipi zilizoota, na kuandika waliyoyaona. Haya ndiyo mafundisho ya mtaala wa umilisi, ulioanzishwa kote nchini Januari 2019, kuanzia madarasa ya chini. Nia yake ni kwamba mwanafunzi asijue tu, bali aweze kufanya. Mzazi hana haja ya kununua vitu vya thamani. Yatosha vile ambavyo vingetupwa jaani.

DINI DARASANI

Elimu ya Dini ni somo katika mtaala wa taifa. Elimu ya Dini ya Kikristo ina mtaala mmoja kwa Wakristo wote, Wakatoliki na Waprotestanti. Nayo Elimu ya Dini ya Kiislamu ina mtaala wake. Zaidi ya hayo, ratiba ina kipindi kimoja kwa juma cha malezi ya kiroho, ambapo padre, sista, katekista au mwalimu huzungumza na watoto juu ya mwenendo mwema.

Katika shule ya Kikatoliki mtoto ataona msalaba ukutani, atasikia sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana, na pengine atahudhuria Misa ya kufungua muhula. Oktoba husaliwa Rozari, na wakati wa Kwaresima watoto hufundishwa kujinyima kidogo ili wapate kumsaidia mwenye shida. Lakini sheria ya mwaka 2013 yasema mdhamini hana budi kulinda imani za watoto wengine, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Tena ubatizo ni kazi ya parokia, wenye mafundisho na maandalizi yake. Mtoto haupati kwa kuandikishwa shuleni. Mzazi wa dini nyingine na aseme wazi kwa mwalimu mkuu siku ya kwanza, bila woga.

Na hapa pia kukariri hakutoshi. Zamani wanafunzi wa katekisimu walishika maswali na majibu kwa moyo, na hata leo sala hujifunzwa vivyo hivyo. Hilo si baya. Lakini mwalimu hutaka kuona kama mtoto aliyesoma habari za Msamaria Mwema atamgawia mwenzake uji saa nne, mwenzake huyo asipokuwa na kikombe.

MCHANA HATA JIONI

Baada ya chakula cha mchana huja masomo mengine, na sanaa na michezo. Kwa kanuni za mwaka 2015, vipindi vya darasani hukoma saa tisa na nusu. Baadaye ni wakati wa mpira, kwaya, skauti au bustani. Adhabu ya viboko imekatazwa na sheria. Mwalimu hutumia maonyo, na mzazi huitwa panapokuwa na jambo kubwa.

JE, AMEFAULU?

Wazazi waliozoea nambari ya kwanza na ya mwisho darasani hushangaa kupewa ripoti isiyo na nambari hizo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mwalimu humpima mtoto mwaka mzima, na kuandika kama amepita matarajio, ameyafikia, ayakaribia, au yuko chini yake. Mwisho wa Gredi ya 6 kuna tathmini ya taifa, iliyoanza mwaka 2022. Ripoti hiyo isomwe kwa makini. Neno "ayakaribia" katika kusoma, kwa mtoto wa Gredi ya 2, si aibu; ni kengele ya kumwita mzazi na mwalimu washirikiane kungali mapema.

KAZI YA MZAZI

Basi, msomaji, mtoto wako arudipo leo jioni, usimwulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Mwulize, "Umefanya nini? Nionyeshe." Akifunga vijiti kumi kumi mezani, tazama. Akisoma, funika picha. Akiomba kizibo, mpe. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mwalimu aliye na watoto hamsini mbele yake hawezi kumlea wako peke yake.